Funguo Tatu Shingoni mwa Mama

Baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana wenzangu mnaopenda kukaa huko nyuma karibu na mlango, nawaomba tusafiri pamoja kidogo. Hatuendi mbali. Tunapanda meli tu, kisha tunarudi hapa hapa kwenye mabenchi yetu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeogopa kupoteza. Sisemi kwamba alikuwa mwoga. Nyoka akiingia jikoni, yeye ndiye aliyeshika fimbo, na mumewe ndiye aliyekuwa juu ya kiti. Lakini likija suala la kupoteza kitu, au mtu, hapo roho yake haikutulia. Akifunga mlango wa nyumba anautikisa, na akifika barabarani anarudi kuutikisa tena. Kanisani, wenzake wakiinama kuomba, yeye anafumbua jicho moja kuwahesabu watoto wake kwenye benchi.

Na alikuwa na sababu. Siku moja sokoni, alipogeuka tu kuchagua nyanya, mmoja wa mapacha wake hakuonekana. Alimtafuta akiita mpaka sauti ikakauka. Alipompata, mtoto alikuwa amekaa chini ya meza ya muuza dagaa, anakula muhogo wa kuchemsha, wala hana habari. Watu walicheka sana. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo kuna kitu ndani yake kilisimama na hakikukaa chini tena. Nani kati yetu atamlaumu? Mzazi gani hapa hajawahi kuita jina la mtoto na asiitikiwe?

Basi ikatokea safari. Mdogo wake wa mwisho alikuwa anaoa huko kusini mwa Ziwa Tanganyika, na familia nzima ikapanda meli Kigoma kwenda harusini. Alikuwepo mama huyu na mumewe, binti yao mkubwa, wale mapacha wawili, Bukuru na Butoyi, na bibi. Bibi huyu ndiye mama aliyemzaa mama wa mfano wetu. Miguu yake ilikuwa imeanza kumkataa, lakini ulimi wake ulikuwa na afya njema kabisa.

Safari ya ziwa lile ni ndefu, watu hulala melini. Kwa hiyo walipewa vyumba vitatu kwenye korido ya chini. Chumba kimoja cha baba na mapacha, kingine cha mama na binti, na cha tatu cha bibi peke yake, kwa sababu bibi alisema anakoroma na hataki asubuhi aje kusemwa.

Baharia aliyewaonyesha vyumba alikuwa na funguo mkononi, kila ufunguo na kibao chake cha mbao chenye namba ya chumba.

"Kila chumba kinapewa ufunguo mmoja tu," aliwaambia. "Akae nao mwenyewe anayelala humo. Na milango hii ni ya zamani, ikifungwa kwa nje, aliye ndani hawezi kutoka bila ufunguo. Mwangalie hilo."

Bibi akanyoosha mkono apokee wake. Kabla ufunguo haujafika, mama akaudaka.

"Leta hapa, mama. Utaudondosha."

"Nitaudondosha wapi? Nimeshika funguo za ghala la baba yako kabla wewe hujaota meno."

"Hapa ni majini, mama. Kikianguka kitu hapa hakiokotwi."

Akamgeukia mumewe. "Na wewe, Baba Bukuru, lete."

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Wewe hata viatu vyako hujui viko wapi."

Mume akatazama chini. "Viko miguuni."

"Kwa sababu nilikutafutia mimi."

Akakusanya funguo zote tatu. Kisha akaketi kitandani, akaanza kufungua vile vibao vya namba kimoja kimoja, akavitupa kwenye begi. Binti yake alikuwa anatazama.

"Mama, mbona unavitoa?"

"Ufunguo ukianguka na namba yake, mwizi si ameshaonyeshwa mlango wa kuingia?"

"Sasa wewe utajuaje upi ni wa wapi?"

"Nitajua. Wa kwanza wa bibi, wa katikati wetu, wa mwisho wa baba yako."

Akazitunga funguo kwenye kamba ya kiatu, akafunga fundo, akavaa shingoni na kuziingiza ndani ya blauzi. Binti akaitazama ile kamba iliyokuwa duara. Akataka kuuliza, kwenye duara wa kwanza ni upi? Lakini akanyamaza. Alishazoea.

Ndugu zangu, meli ikang'oa nanga, na huyo mama akaanza kazi. Watu wengine waliegemea vyuma wakitazama milima ya upande wa pili. Yeye aliitazama milima mara moja, akakumbuka kwamba hajaangalia kama mlango wa mapacha umefungwa, akashuka. Akapanda. Akashuka tena. Kila mahali alipokwenda kiganja chake kilikuwa juu ya kifua, anazipapasa funguo juu ya nguo. Wasiomjua walidhani ana ugonjwa wa moyo. Na mimi nawauliza, hawakuwa karibu na ukweli?

Asubuhi iliyofuata baba akaenda kuoga. Bafu lilikuwa mwisho wa korido, la watu wote. Akavua nguo zake chumbani, akajifunga taulo, akaurudishia mlango bila kuufunga, maana ufunguo hana. Mama akapita. Akasukuma, akaona chumba kitupu na kiko wazi, moyo ukampiga. Akafunga kwa ufunguo, akautikisa, akapanda juu akiwa ameridhika.

Baba akarudi anatiririka maji. Akasukuma mlango. Akasukuma tena. Akabaki amesimama koridoni na taulo lake, na kila abiria aliyepita alilazimika kupita mbele yake.

Akapita mama mmoja mchuuzi, mwili mkubwa, ndoo kichwani. "Shikamoo baba. Hii mitindo ya melini siijui. Ndivyo mnavyokwenda harusini?"

"Marahaba, dada. Suti ipo. Iko kwa mke wangu."

"Na mke wako yuko wapi?"

"Hilo nami nataka kulijua."

Binti akatumwa kumtafuta mama. Akazunguka juu, mama akiwa ameshuka kwa ngazi ya upande wa pili kuwatafuta mapacha. Akashuka, mama ameshapanda. Walipokutana, baba alikuwa ameshakauka mwenyewe kama samaki wa kuanika.

"Uliacha wazi!" ndilo neno la kwanza la mama.

"Nilikwenda kuoga, Mama Bukuru! Mtu akienda kuoga hahami!"

Watu wakacheka, na baba naye akacheka, kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini tuangalie vizuri, wapendwa. Katika familia ile hakuna aliyeweza kubadilisha shati, wala kuchukua dawa yake, wala kujilaza dakika moja, bila kwanza kumtafuta mtu mmoja kwenye meli nzima. Na huyo mtu mmoja mwenyewe alikuwa amelala? Alikuwa amekula? Kamba ilishamchubua shingo. Binti alipomwambia, "Mama, nipe hata mmoja nikusaidie," alijibu, "Ukipotea je?" Hata haikujulikana anauliza habari za ufunguo au za binti.

Sasa, meli za ziwa lile zikifika karibu na kijiji kisicho na gati, husimama majini, na mitumbwi hutoka ufukweni kuja kuipokea. Ni kelele na furaha: kuku, mihogo, watoto, watu wanarushiana mizigo. Bibi alipenda sana. Kila meli iliposimama, alijikongoja mpaka kwenye mlango mkubwa wa pembeni, pale watu wanapopandia. Na adhuhuri ile mama akamkuta pale ameinama nje, ameshika chuma kwa mkono mmoja, anaongea na kijana aliyekuwa chini kwenye mtumbwi.

Mama alimdaka kwa nyuma kwenye khanga. "Mama! Unataka nikakuzike kwenye maji?"

"Niache kwanza. Kijana huyu anatoka kijiji alichozaliwa baba yangu. Namuuliza habari za watu."

"Habari gani hizo za kuuliza nusu yako iko nje?"

"Nusu nyingine ilikuwa ndani."

Yule kijana wa mtumbwi akacheka. Mama hakuwa na cheko. Alishaona kwa macho yake mwili ukianguka, khanga ikielea, watu wakipiga mayowe. Hakikutokea kitu, lakini yeye alishakiona. Akamshika bibi mkono, akamshusha ngazi taratibu, akamwingiza chumbani kwake.

"Pumzika, mama."

"Sijachoka."

"Utachoka."

Akatoka, akavuta mlango, akajaribu ufunguo mmoja ukakataa, akajaribu mwingine ukaingia. Akazungusha. Kitasa kikalia. Sauti ya bibi ikaja kutoka karibu kabisa na mlango, kana kwamba alikuwa ameweka mdomo kwenye mbao.

"Mwanangu. Umenifungia?"

"Ni kwa muda mfupi tu, mama. Nitakuja kukutoa. Ni kwa ajili yako."



"Haya," alisema bibi.

Mmelisikia hilo neno? Bibi yule mwenye majibu ya kila kitu, bibi ambaye ulimi wake haukuwahi kushindwa, alijibu haya, basi. Mama alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Alisimama koridoni, akavuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza tangu wapande meli, moyo wake ukatua. Sasa yuko mtu mmoja ambaye alijua kwa hakika yuko wapi.

Akapanda juu. Akawatafuta mapacha, akakaa nao kivulini nyuma ya meli. Jua likaanza kuteremka upande wa milima. Akasinzia kidogo.

Kilichomwamsha ni harufu. Mafuta ya kupikia yanayoungua. Jiko la meli lilikuwa chini, mwisho wa korido ile ile ya vyumba vyao. Kabla hajakaa sawa, king'ora kikalia, na mabaharia wakaanza kukimbia wakipiga kelele kwamba watu wote wapande juu, wakusanyike nyuma, wasibebe mizigo. Moshi mweusi ukaanza kutoka kwenye ngazi.

Mama akawakamata mapacha, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Mumewe akatokea akikohoa. Binti akatokea nyuma yake. Mama akawapitisha macho. Akawapitisha tena.

"Bibi yuko wapi?" aliuliza.

Binti akashangaa. "Si umemtoa wewe? Mimi nimepita mlangoni kwake, nimejaribu kitasa, kimefungwa. Nikajua umeshapanda naye. Si wewe mwenye funguo?"

Kiganja cha mama kikaenda kifuani, kwenye funguo.

Pembeni yao baharia mmoja alikuwa amefika kwa mkubwa wake, uso umejaa masizi, anatoa taarifa. "Korido ya chini haina mtu. Milango iliyo wazi tumeingia, tumeangalia. Iliyofungwa kwa nje tumeipita. Wenyewe wametoka na funguo zao."

Iliyofungwa kwa nje tumeipita. Mama alilisikia neno hilo likimwingia kama maji ya barafu. Akaiachia mikono ya mapacha, yeye ambaye hakuwahi kuiachia, akakimbilia ngazini. Mlango wa chuma ulikuwa umeshafungwa, na baharia yule akamzuia kwa mikono yote miwili.

"Mama, huku hakushukwi."

"Mama yangu yuko chini!"

"Tumekagua, mama. Hakuna mtu chini."

"Nimemfungia!" alipiga kelele. "Nimemfungia mimi! Kwa mkono wangu!"

Watu wote wakageuka. Yule mama mchuuzi aliyecheka asubuhi akajiziba mdomo.

"Chumba namba ngapi?" aliuliza baharia.

Mama hakujua. Namba alishazitupa kwenye begi. "Ukishuka, kushoto... hapana..."

"Namba saba," alisema binti, analia.

"Ufunguo."

Mama akavuta kamba kutoka shingoni. Ikanasa kwenye nywele, akaivuta na nywele zake. Funguo tatu zikaning'inia mbele ya baharia, zote za shaba, zote za urefu mmoja, kama watoto wa tumbo moja.

"Upi?"

"Wa kwanza."

"Wa kwanza upi, mama?"

Akaizungusha kamba. Akaizungusha tena. Ilikuwa duara. Baba akauliza, "Hakuna ufunguo wa akiba?" Baharia akasema upo ofisini, na ofisi iko huko huko kwenye moshi. Hakungoja zaidi. Akachukua kamba nzima, akajifunga kitambaa cha maji puani, mwenzake akamfungulia mlango wa chuma, akashuka.

Ndugu zangu, nieleze vipi kungoja kule? Mama alisimama akiutazama mlango uliofungwa mbele yake, yeye nje, mtu wake ndani, na funguo kwa mtu mwingine. Kichwani alimwona baharia akipapasa gizani, anajaribu wa kwanza, hapana. Wa pili. Alitaka kuomba, yeye aliyejua maombi mengi. Maneno yalimkimbia yote, likabaki moja tu, akawa analirudia: mama, mama, mama. Mumewe alimshika mabega na hakufanya mzaha wowote.

Mlango ukafunguka. Baharia akatoka ameinama, na bibi yuko mgongoni kwake kama mtoto aliyebebwa, khanga imebanwa mdomoni, macho mekundu, anakohoa kikohozi kinachotoka mbali. Lakini anakohoa. Aliye hai ndiye anayekohoa.

Wakamketisha, wakampa maji. Chini, moto ulikuwa umeshazimwa. Yalikuwa mafuta ya sufuria moja. Lakini moshi hausubiri moto uwe mkubwa ndipo umchukue mtu.

"Ni ufunguo wa mwisho uliofungua," alisema baharia, amekaa chini, anahema. "Nimemkuta kitandani, amekaa wima. Amevaa viatu, amejifunga kilemba, mkoba uko mapajani. Kama mtu anayengoja kuitwa jina." Kisha akamwinamia bibi. "Bibi, tulipita pale mwanzo tukiita kwa sauti. Hukutusikia?"

"Niliwasikia."

Mama akapiga magoti mbele yake. "Uliwasikia? Mbona hukugonga, mama? Walikuwa mlangoni! Mbona hukupiga kelele?"

Bibi akakohoa mpaka akatulia. Akamtazama mwanawe bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa na hasira.

"Nilijua funguo ziko kwako," alisema. "Nikasema moyoni, hawa wakivunja mlango wakanitoa, mwanangu atashuka kunitafuta. Atakuta chumba kitupu, atazidi kuingia kwenye moshi akiniita. Namjua, hataniacha. Basi nikae pale pale aliponiweka, asipate shida ya kuniona."

Sikieni, wapendwa. Mama alimfungia mzazi wake ili asife. Na mzazi wake akakubali kufa kimya kimya ili aliyemfungia asipotee. Kati yao ulikuwa mlango mmoja, na upendo ulikuwepo pande zote mbili za mlango. Pamoja na upendo wote huo, mtu alikuwa anakufa.

Huenda mnangoja niseme tusisafiri na funguo zote mkononi mwa mtu mmoja. Hayo mtayaamua wenyewe siku mkipanda meli. Mimi nataka kuuliza habari za nyumba zetu za hapa, ambazo haziendi popote.

Nani tumemfungia kwa nje?

Yupo mtoto mwenye ulemavu ambaye wageni wakija anaingizwa chumba cha nyuma, na tunasema ni ili wasimshangae. Yupo binti ambaye ameachishwa shule kwa sababu njia inapita porini, na tunasema ni kwa usalama wake, na pori liko pale pale, na hakuna aliyekwenda kulifyeka. Yupo mke asiyeruhusiwa kwenda hata kwa dada yake. Yupo mzee ambaye hatumwiti tena kwenye kikao, tunasema apumzike. Muulizeni kama amechoka.

Sisi si watu wabaya. Hili ndilo linaloniuma. Mama yule hakuwa mbaya. Tunafunga kwa sababu tunapenda na tunaogopa, na tukishafunga moyo unatua, na kule kutua kwa moyo tunakuita amani kutoka kwa Mungu. Si amani. Ni kitasa tu kimelia.

Na tazameni yanayofuata. Mwalimu anapita mbele ya nyumba hiyo. Jirani anapita. Sisi wenyewe wa kanisa tunapita tukitembelea nyumba kwa nyumba, tunaona mlango umefungwa vizuri, heshima ipo, kelele hakuna, tunasema hapa hakuna mwenye shida. Tunaendelea na njia yetu. Iliyofungwa kwa nje tunaipita.

Tena aliye ndani hasemi. Mara ya kwanza aliuliza, "Umenifungia?" Tukamjibu, "Ni kwa ajili yako." Akasema haya. Tukafurahi na hilo haya lake, tukawasimulia watu kwamba mtoto wetu ana adabu, mke wetu mtulivu, mzee wetu hana neno. Hatukujua kwamba ameketi gizani na viatu miguuni.

Mungu alipotupa watu wetu hakutupa wafungwa. Tukitoka hapa, twende kila mtu kwenye mlango wake anaoujua. Tusiufungue kidogo huku tumeshika kitasa. Tumpe mwenyewe ufunguo mkononi mwake, hata kama mkono wake unatetemeka, hata kama wetu unatetemeka zaidi. Tutaogopa, ndiyo. Tuogope mlango ukiwa wazi.

Na neno langu la mwisho si la wenye funguo. Ni lako wewe uliye ndani, ambaye umenyamaza kwa sababu unampenda aliyekufungia na hutaki apate aibu. Najua unampenda. Lakini yeye amesinzia huko juu, na moshi haumjui mtulivu. Nyanyuka kitandani. Gonga kwa ngumi. Watu wanapita koridoni sasa hivi.